Ukaguzi wa usalama wa bwawa dogo la udongo: tulicholipia na tulichopata

Mimi ni katibu wa kikundi cha maji katika Kaunti ya Machakos, na tathmini hii inahusu huduma ambayo vikundi vingi vya vijijini havijui kwamba inauzwa: mhandisi kuja kwa malipo, kulikagua bwawa la udongo, kuandika ripoti na kulipanga bwawa hilo katika daraja la usalama. Tulilipa shilingi 90,000, nauli ikiwamo. 70,000 kabla ya kazi na 20,000 baada ya kupokea ripoti. Jina la kampuni sitalitaja, kwa kuwa kosa nitakalolieleza lilirekebishwa, na pia kwa sababu nimeshaona ripoti ya kikundi kingine, iliyoandikwa na watu wengine kabisa, ikiwa na kosa lilo hilo.

Bwawa letu, ambalo huku kila mtu huliita silanga, ni la miaka ya 1950, enzi ambazo serikali ya kikoloni ilijenga mabwawa mengi ya namna hii Ukambani chini ya ALDEV, mpango wake wa kuendeleza ardhi za Waafrika. Hakuna mchoro wake uliobaki, wala hakuna aliye hai anayeweza kusema kwa hakika udongo wa katikati ya tuta ulichimbwa wapi na ulishindiliwa vipi. Maji yakijaa hadi kwenye utoro, yaani ule mkondo wa pembeni unaopitisha maji ya ziada, kina chake penye tuta huwa mita 4.6 na ujazo wake hukaribia mita za ujazo 70,000. Bomba la inchi nne hupita chini ya tuta hadi kwenye chujio la mchanga, kisha tangi la mawe, vioski vitatu na shule ya msingi. Mtungi wa lita 20 huuzwa shilingi 5. Kama huduma ya maji, sina la kulalamikia: mwezi wa Agosti, visima vya mchangani vinapokauka na punda kuanza kusafiri kilomita saba kwenda mtoni, vioski vyetu huwa bado vinatoa maji.

Kilichotufanya tutafute mkaguzi ni mvua za Novemba 2023. Usiku mmoja maji yalipanda hadi yakabakiza shubiri mbili tu yafike kilele cha tuta, na wanakamati tulikesha pale na tochi, tukijifanya tunalinda kitu ambacho kwa kweli hakuna aliyejua namna ya kukilinda. Kulipokucha maji yalikuwa yameanza kushuka. Mvua nyingine zilitupita salama, lakini swali lilibaki, na mwaka uliofuata, kabla ya vuli, tukachanga fedha.

Siku ya ukaguzi walifika wawili, mhandisi na kijana wa vipimo, saa moja asubuhi kama walivyoahidi, na hilo peke yake linastahili pongezi kwa yeyote anayeijua barabara yetu. Kazi yao ya juu ya tuta naisifu bila kusita. Walipima usawa wa kilele kila baada ya mita tano, wakagundua kwamba sehemu ya katikati, pale ng'ombe wanapovukia kwenda malishoni, ilikuwa chini kwa sentimita 40 kuliko ncha za tuta. Sisi tulikuwa tumezoea kuiona njia ile kama njia tu. Mhandisi alitueleza jambo ambalo ukishalisikia unashangaa hukulifikiria mwenyewe: kimo cha tuta ni kimo cha mahali pake palipo chini zaidi, kwa sababu maji hayatauliza wastani, yatapita hapo. Tena yatapita katikati, ambako tuta ni refu kuliko kwingine na anguko ni kubwa zaidi, na tuta la udongo likipitiwa na maji juu huanza kumomonyoka kutoka upande wa chini kurudi nyuma, hadi linakatika.

Walihesabu pia mashimo ya nguchiro, wakaonyesha migunga mitatu iliyoota kwenye mteremko wa nje, mmoja ukiwa na shina nene kuliko paja la mtu mzima. Tulikuwa tunajivunia kivuli chake. Mhandisi hakutuambia tuukate siku hiyo hiyo, na nilipenda uangalifu huo: mti mkubwa ukikatwa, mizizi huoza ndani ya tuta na kuacha vijia ambavyo maji hujipenyeza humo, kwa hiyo kazi yake ni kung'oa mizizi na kushindilia udongo upya wakati bwawa likiwa na maji kidogo, si kushika panga tu.

Kisha tukafika kwenye utoro. Hapo palikuwa na magunia ya mchanga, yamepangwa vizuri kutoka ukingo hadi ukingo.

"Mhandisi, hayo tuliyaweka sisi," nikakiri.

"Mmeongeza maji kiasi gani?"

"Nusu mita hivi."

"Na tuta mmeliongeza kiasi gani?"

Mwenyekiti wetu alitazama viatu vyake. Kila anayetegemea silanga anaelewa kishawishi hicho: nusu mita ya juu ndiyo yenye maji mengi kuliko nusu mita nyingine yoyote, kwa kuwa bwawa hupanuka linavyopanda, na nusu mita hiyo inaweza kuwa mwezi mzima wa kiangazi. Lakini utoro ndio pumzi ya bwawa la udongo. Nilipokuwa nikisoma baadaye, nilikuta kwamba bwawa la South Fork huko Pennsylvania, Marekani, lililobomoka tarehe 31 Mei 1889 na kuua watu 2,209 katika mji wa Johnstown na mabonde yake, lilikuwa na kasoro ambazo ningezitambua hata gizani: kilele kilishushwa ili magari ya farasi yapite, na utoro uliwekewa vizuizi ili samaki wasitoroke. Sisi badala ya magari ya farasi tuna ng'ombe, na badala ya samaki tuna magunia.

Jambo lililonifanya niwaamini wale wawili lilitokea chini ya tuta, kwenye mguu wake, penye unyevu na majani mabichi mwaka mzima. Maji huvuja hapo polepole, na sisi tumekuwa tukiogopa unyevu ule au kuupuuza, kutegemea ni nani unayemuuliza. Mhandisi alitwaa chupa safi ya plastiki, akakinga maji kwa dakika moja aliyoipima kwa saa ya mkononi, akaandika kiasi, akainua chupa juu dhidi ya jua. Yalikuwa maangavu. Mzee anayefungua na kufunga vali, ambaye ameifanya kazi hiyo tangu mimi nikiwa shule ya msingi, alisogea akatazama pamoja naye.

"Hayo hayana neno, mwanangu. Siku yakigeuka rangi ya chai ya maziwa usinitafute hapa."

"Mzee, hiyo ndiyo sentensi ninayotaka kuiandika kwenye ripoti," mhandisi akajibu, na kweli aliiandika, kwa maneno ya kihandisi. Kila tuta la udongo huvuja kiasi fulani. Hatari ni pale maji yanapoanza kubeba udongo, maana yake ni kwamba yamejichimbia mfereji ndani na yanaupanua. Tangu siku hiyo mzee hukinga chupa moja kila Jumamosi na kuipanga kwenye rafu ya kioski, tarehe ikiwa imeandikwa kwa wino kwenye karatasi ya gundi. Ni kifaa cha bei rahisi kuliko vyote tulivyopata kwa shilingi 90,000 zile.

Ripoti ilichelewa wiki tatu, ikafika mvua zikiwa zimeshaanza. Ilikuwa na kurasa 43, zote kwa Kiingereza, katika kikundi ambacho wanachama wanaolima na kuchanga husoma Kikamba na Kiswahili. Hilo ningelisamehe. Nisilolisamehe lilikuwa ukurasa wa 7, ambako iliandikwa kwamba bwawa letu ni la Daraja A, hatari ndogo, na kwamba kwa hiyo hali yake ya usalama inaridhisha kwa kiwango chake.

Daraja hilo halikutoka hewani. Kanuni za usimamizi wa rasilimali za maji za mwaka 2007 ziliweka jedwali lililoyagawa mabwawa ya Kenya katika makundi matatu kwa kufuata kina cha maji, ujazo na ukubwa wa eneo linaloleta maji. Daraja A ni kina cha chini ya mita 5, ujazo wa chini ya mita za ujazo 100,000 na eneo la chini ya kilomita 100 za mraba. Daraja B hufika kina cha chini ya mita 15 na ujazo wa mita za ujazo 1,000,000. Linalozidi hapo ni Daraja C. Kwa jedwali hilo hesabu ya mhandisi ilikuwa sahihi, kwani tulikuwa chini ya mpaka kwa sentimita 40, na ukiyahesabu magunia yetu tulikuwa tumeshauvuka. Tatizo ni neno "kwa hiyo". Jedwali la vipimo hueleza bwawa lina ukubwa gani. Halisemi tuta liko katika hali gani, na wala halijawahi kuteremka bondeni kuona nani amelala huko.

Mwanakamati mmoja, mama mwenye kinu cha kusaga posho kando ya korongo, kilomita mbili hivi chini ya tuta, aliisikiliza tafsiri yangu ya ukurasa huo hadi mwisho, akauliza, "Katibu, walifika kwangu?" Nikamwambia hawakufika. "Basi hiyo hatari ndogo ni ya nani?"

Nchini mwetu swali hilo lina uzito wake. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa la udongo katika shamba la watu binafsi huko Solai, Kaunti ya Nakuru, lilibomoka baada ya mvua za masika, na watu wasiopungua 47 wakafariki. Hao hawakuwa wakiishi juu ya bwawa wala hawakuwa na neno katika uendeshaji wake; walikuwa chini. Na tarehe 29 Aprili 2024 karibu na Mai Mahiu, watu zaidi ya 40 walipoteza maisha kwa maji yaliyokuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli, kwa sababu kalvati lililoyapitisha lilikuwa limezibwa na takataka. Tuta hilo halikuwa bwawa katika daftari lolote, kwa hiyo halikuwa na daraja la kupewa.

Ninajua kwamba nchi nyingine hupanga kwa namna nyingine, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndilo jambo ambalo mtu anayenunua huduma hii anapaswa kulielewa kabla ya kutoa hata shilingi moja. Afrika Kusini hutazama ukubwa wa tuta, lakini huuliza pia ni watu wangapi wanaweza kufa: kama hakuna, hatari ni ndogo, wakiwa hawazidi 10, hatari ni ya maana, wakizidi 10, ni kubwa. Bwawa dogo kwa kimo linaweza basi kupandishwa kundi kwa sababu tu ya kijiji kilicho chini yake. Marekani hutumia ngazi tatu pia, na huko matarajio ya kifo cha mtu mmoja yanatosha kuliweka bwawa katika ngazi ya juu kabisa, hata kama tuta lake ni jipya na limejengwa vizuri ajabu. Hali ya tuta huandikwa pembeni, kama jambo la pili linalojitegemea. Bwawa lenye hatari kubwa na hali nzuri ni jambo la kawaida. Mhandisi aliyelijenga hapaswi kuona haya. Lenye hatari kubwa na hali mbaya ndilo linalopaswa kumnyima mtu usingizi. Ripoti yetu ilikuwa imeyakunja mambo hayo mawili yakawa herufi moja, na herufi yenyewe ilitokana na jambo la tatu, yaani ukubwa.

Niliandika barua, nikazuia zile shilingi 20,000. Nilitarajia ubishi. Kwa haki yake, mhandisi alipiga simu siku mbili baadaye, akasema, "Katibu, mna haki, nitarudi," na akarudi kwa nauli yake mwenyewe. Safari hii hakukanyaga tuta hata kidogo. Tulishuka korongo kwa miguu kutoka kwenye mguu wa bwawa hadi linapoungana na mto, kilomita tatu na nusu, huku kijana wa vipimo akiandika kimo cha kila sakafu ya nyumba kutoka chini ya korongo. Tulikuta nyumba 11 zilizo katika njia ya maji, darasa la chekechea lililojengwa na kanisa, kinu cha mama yule, na kivuko ambacho siku ya soko hupitisha watu kuanzia alfajiri. Nyumba nne kati ya hizo hazikuwapo miaka kumi iliyopita. Ardhi ya bondeni ina unyevu na ni laini kulima, vijana wanaoa, na hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba kila msingi wanaouchimba unalibadilisha daraja la bwawa lililo juu yao.

Alipiga hesabu mbele yetu, kwenye meza ya kinu, unga ukiwa umetapakaa kwenye karatasi. Kwa kutumia kanuni ya makadirio inayotokana na mabwawa ya udongo yaliyokwisha kubomoka duniani, tuta letu likikatika likiwa limejaa, maji yatatoka kwa kasi ya mita za ujazo 100 hivi kila sekunde mwanzoni, yaani tani 100 kwa kila pigo la moyo. Yangefika kinuni kwa takribani robo saa. Mama alitazama saa ya ukutani, kisha akamwambia kijana wake asogeze magunia ya mahindi ili mhandisi apate mahali pa kuweka kiwiko.

Ripoti ya pili ina mistari mitatu mahali palipokuwa na mmoja: ukubwa: mdogo; athari likibomoka: kubwa; hali ya tuta: isiyoridhisha hadi utoro, kilele na miti vishughulikiwe. Tofauti hiyo si ya maneno. Kwa kanuni zile za 2007 utoro wa bwawa la Daraja A ulitakiwa kusanifiwa kwa mafuriko yanayotarajiwa mara moja katika miaka 50, wa Daraja B mara moja katika miaka 100, na wa Daraja C mara moja katika miaka 500. Masikio yetu husikia "miaka 50" yakadhani ni ahadi ya kupumzika nusu karne. Maana yake halisi ni uwezekano wa asilimia 2 kila mwaka, na katika miaka 30, muda ambao mtoto wa chekechea hukua na kuwa na wake, uwezekano wa kukutana na mafuriko hayo angalau mara moja unakaribia asilimia 45. Kwa kipimo cha miaka 500 unashuka hadi asilimia 6. Mhandisi alishauri tusanifu utoro kwa kipimo hicho cha juu ingawa ukubwa wetu hautulazimishi, na kazi yenyewe ikawa kuupanua kutoka mita 4 hadi mita 9, kuondoa magunia, kupandisha katikati ya kilele, na kuwapangia ng'ombe njia nyingine. Kuchimba tulichimba wenyewe kwa majembe na matoroli kila Jumatano, wakati mwingine tukiwa watu 60, wakati mwingine 14.

Nikiulizwa kama naipendekeza huduma hii, jibu ni ndiyo, kwa kikundi chochote chenye tuta la udongo na watu chini yake, hata kama tuta lenyewe mtu anaweza kulipanda kwa hatua nane. Kwa kazi ya vipimo nawapa alama tisa kwa kumi. Kwa ripoti ya kwanza nawapa nne, na mojawapo ni ya picha, zilizokuwa nzuri ingawa hazikuandikwa zimepigwa wapi. Kwa kurudi bila kulazimishwa nawapa kumi. Anayetaka kuwaajiri watu wa kazi hii na aandike katika makubaliano, kabla ya malipo ya kwanza, kwamba ukaguzi utashuka korongo hadi mwisho wa nyumba zinazoweza kufikiwa na maji, kwamba athari na hali vitaandikwa mbalimbali, kwamba kutakuwa na muhtasari wa Kiswahili, na kwamba ripoti itafika kabla ya mvua. Na asisahau kudai ukurasa wa dharura, ambao ripoti yetu ya kwanza haikuwa nao kabisa: nani anampigia nani simu, nani anaigonga kengele ya kanisa, watu wanapanda upande gani wa korongo, na kivuko kinafungwa na nani.

Salio la shilingi 20,000 tulilipa siku tulipopokea ripoti ya pili. Nakala moja iko kwa chifu, nyingine tumeipeleka katika ofisi ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na ule ukurasa wa dharura umebandikwa ukutani kwenye kinu cha posho, chini ya saa.